Meli inashusha watu 2,000 bila kelele, sisi na matatu ya watu 14 tunapigana

Wasee, wiki mbili zilizopita niliweka ile vidio ya steji. Labda uliiona. Ni saa kumi na mbili na nusu jioni, mvua ya Eldoret ile ya kukuchapa kutoka kando, matatu ya Langas inaingia steji na kabla haijasimama watu wameshaishika. Wanaume wawili wanafika mlangoni pamoja. Kila mmoja anaingiza bega. Wanakwama. Sekunde saba nzima, nimezihesabu nikiwa nahariri, mlango umejaa na hakuna anayeingia wala anayetoka. Ndani kuna mama ameshika mtoto, anajaribu kushuka, na hakuna anayemwona.

Mlicheka sana kwa komenti. Mimi pia nilicheka nikiiweka. Lakini kuna kitu sikuwaambia: mathe wangu alivunjika mkono kwa mlango kama huo mwezi wa Machi.

Alikuwa anashuka, hata hakuwa anapanda. Ana mfuko wa mitumba begani, gari imepunguza mwendo tu, na makanga anamwambia, "Mathe, shuka na mguu ya kushoto, haraka, haraka." Chini wenye kupanda wamekuja kama maji. Mmoja akamgonga, gari ikasonga, akaangukia kiganja. Kifundo cha mkono kikaenda. Wiki sita na plasta, na kuuza mitumba ni kazi ya mikono miwili: unainua, unakunja, unaning'iniza. Nilikuwa naamka naye saa kumi na moja kumfungulia mabunda. Sacco siitaji, kwa sababu nikiitaja mtasema ni wao, na nyinyi mnajua ingekuwa yoyote.

Sasa, mathe akiwa bado na plasta, binamu yangu akapiga simu. Huyu binamu tulikua naye Kapseret, na siku hizi anafanya kazi kwa meli ya kitalii, anasafisha vyumba na kutandika vitanda. Akasikia habari ya mkono akanyamaza kidogo, halafu akaniambia kitu ambacho nimekuwa nikikitafuna kichwani tangu siku hiyo. Akasema: "Huku tunashusha watu zaidi ya elfu mbili kabla ya saa nne asubuhi, na wengine wana miaka themanini. Sijaona mtu amevunjika."

Nikamwambia anieleze. Ngoja niwaeleze vile alinieleza.

Siku ngumu kwa mfanyakazi wa meli ni siku ya bandari. Wale waliomaliza safari wanatoka asubuhi, na jioni ya siku hiyo hiyo meli inaondoka na wengine. Katikati hapo yeye na wenzake wanabadilisha shuka za jengo zima linaloelea. Kwa hiyo kushuka hakuanzi asubuhi, kunaanza usiku. Kila abiria anapewa kikaratasi chenye rangi na namba, anakifunga kwa sanduku, analiacha sanduku nje ya mlango wa chumba chake kabla ya kulala. Usiku wafanyakazi wanayateremsha yote. Asubuhi abiria anakunywa chai akiwa na kimkoba tu. Rangi yake haijaitwa? Anakaa. Ikiitwa, anatembea mpaka mlangoni, kadi yake inasomwa na mashine, sura yake inatokea kwa skrini, ting, ametoka. Chini, kwa jengo la bandari, sanduku lake liko kwa safu ya rangi ileile. Wenye viti vya magurudumu wana wakati wao na mtu wa kuwasukuma.

Kupanda nako ni hivyo hivyo, kinyumenyume. Kila mtu amepewa saa yake ya kufika. Sanduku unaliacha nje, utalikuta chumbani. Unatembea ukiwa mikono mitupu.

Na hizo ni meli za kawaida. Ile jitu mliyoiona TikTok, Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Miami Januari 2024, inaweza kubeba abiria 7,600 ikijaa kabisa. Gawanya kwa 14. Ni kama matatu 543. Hebu fikiria matatu 543 zinashusha watu steji moja asubuhi moja na hakuna anayepoteza kiatu.

Nilifanya kile ambacho hata wewe ungefanya. Nikasema, "Aah, hao ni Wazungu, wamezoea laini."

Alicheka mpaka nikatoa simu sikioni. "Wewe! Hawa ukiwaacha wenyewe dakika kumi wanasimama na masanduku kwa ngazi hakuna anayepita. Nimeona mzee na mke wake wanasukumana na watu kwa lifti, na ni mayai ya asubuhi tu wanakimbilia. Hawana adabu kukuzidi. Ni vile kila mtu anajua kitanda chake hakichukuliwi na mtu."

Hapo ndipo posti hii ilizaliwa. Kitanda chake hakichukuliwi na mtu.

Kwa sababu sisi tumezoea kujitukana. Ukiona fujo steji unasikia mtu mzima anasema, "Wakenya ni wanyama," halafu yeye mwenyewe anaingilia dirishani. Mimi siamini hiyo maneno tena. Mkenya anapanga laini vizuri sana akijua kitu chake kipo. Agosti 9, 2022 watu walisimama kwenye baridi ya hapa kwetu kabla jua halijatoka, wengine na blanketi, wakingoja kupiga kura. Ni nani aliruka laini? Karatasi yako ya kura ipo, hakuna atakayeimaliza. Benki unachukua kikaratasi chenye namba na unakaa chini, hata unasinzia. Hata asubuhi ya marathoni hapa mjini, maelfu ya watu wanasimama nyuma ya kamba wakisubiri, na hao ni watu waliokuja kukimbia, jamani.

Halafu kuna SGR. Sisi wa Eldoret lazima tufike Nairobi kwanza ndipo tuipande, kwa sababu reli haijatufikia, lakini waliowahi kuipanda wanajua. Unaweka mfuko chini kwa safu, unarudi nyuma, mbwa anakuja ananusa, unarudi unachukua mfuko wako. Watu wanasimama wakiangalia mifuko yao ikinuswa kama watoto wa shule. Hakuna anayepigana, kwa sababu tiketi ina namba ya behewa na namba ya kiti. Mtu huyo huyo, wiki hiyo hiyo, akirudi Eldoret saa moja jioni mvua ikinyesha, anatumia kiwiko. Mtu hajabadilika. Kilichopungua ni uhakika.

Kama unataka kuona tofauti hiyo bila kupanda ndege kwenda Miami, nenda Mombasa. Kuna kituo cha meli za kitalii pale bandari ya Kilindini, gati namba moja, kimejengwa vizuri, kuna pa kukaa, pa uhamiaji, pa forodha. Januari 2023 ilitia nanga pale meli inaitwa Norwegian Dawn, abiria zaidi ya 2,000 kwa mpigo. Sasa, ili meli ifike Kilindini lazima ipite kwenye ule mlango wa bahari wa Likoni, palepale ambapo feri zinavuka. Meli kubwa ikipita, feri zinasubiri. Kwa hiyo wale watu walioshika mifuko ya unga na watoto mgongoni wanasimama wanaitazama ikipita, ghorofa juu ya ghorofa, halafu inaenda kushusha watu kwa rangi na namba. Na kituo kile pamoja na feri zile siku hizi viko chini ya mamlaka moja, ile ya bandari. Sijasema kwa ubaya. Nasema tu kwamba ujuzi upo, na uko upande wa pili wa maji.

Niliwahi kuvuka Likoni nikiwa kidato cha tatu, safari ya shule ya kwenda Diani. Mwalimu alitupanga wawili wawili, akatuhesabu, akasema atakayeachilia mkono wa mwenzake atarudi Eldoret kwa miguu. Tulicheka, lakini hakuna aliyeachilia. Watembea kwa miguu hawalipi pale, magari ndiyo yanalipa, na idadi inayotajwa kila mara ni zaidi ya watu 300,000 kwa siku. Nitakuwa mkweli: pale Likoni kuna kitu kimoja wametushinda sisi wa steji. Kuna lango. Feri inafika, inamwaga watu wake kwanza, lango linafunguliwa ndipo wengine wanaingia. Steji yetu haina hata kamba.

Lakini lango peke yake halitoshi kama mtu hana uhakika wa feri inayofuata, na bahari haina huruma kama lami. Wale wazee wa Mombasa hawajasahau Aprili 29, 1994. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, watu wanaenda kazini kutoka Mtongwe kuvuka kuingia kisiwani. Feri ilikuwa imebeba kupita kiasi. Ilipinduka mita chache tu kutoka ufuoni, na watu 272 wakafa. Umeona? Hata hawakuwa mbali. Na Septemba 29, 2019, wengi wetu tuliona kwa simu zetu lile gari likirudi nyuma na kuteleza kutoka kwenye feri ya Likoni, mama na binti yake wakiwa ndani. Iliwachukua siku 13 kulitoa.

Na ile inayonisumbua zaidi iko Ziwa Victoria. Septemba 20, 2018, feri ya MV Nyerere ilikuwa inakaribia kisiwa cha Ukara, upande wa Tanzania. Ilijengwa kubeba kama watu mia moja. Iliripotiwa kwamba ilipokaribia gati, watu walianza kujongea upande mmoja, kila mtu anataka kuwa wa kwanza kushuka. Ikapinduka. Watu 228 walikufa wakiwa wanaona nchi kavu. Naomba usome tena: kosa kubwa lilikuwa mzigo, ndiyo, lakini walikuwa wamefika. Walikuwa wanashuka.

Sisi tunadhani hatari ni safari. Kumbe hatari iko mlangoni, zile dakika mbili za kupanda na mbili za kushuka. Mathe alisafiri kutoka mjini salama kabisa. Alivunjikia kwa hatua ya mwisho.

Sasa najua mtakachoniambia, kwa sababu nimeshaambiwa. Wa kwanza atasema: hao wa meli wamelipa maelfu ya dola, wewe umelipa shilingi hamsini, unataka rangi na namba? Buda, sitaki kadi wala skrini. Angalia vizuri kile kinachofanya kazi kwenye meli. Wanaoshuka wanatoka kwanza. Mzigo na mtu havipiti mlango mmoja kwa wakati mmoja. Asiyeweza kukimbia anapewa nafasi kabla ya wanaokimbia. Na chombo kimesimama, kimefungwa kamba, hakitikisiki, mpaka mguu wa mwisho uguse chini. Ni kipi hapo kinahitaji dola? Mistari ya rangi kwenye lami inahitaji kopo moja la rangi na kijana mmoja wa kaunti mwenye brashi.

Wa pili atalaumu makanga. Hapo ningependa mtulie. Makanga wengi ni wa rika letu, wengine nilisoma nao. Kijana anaamka saa tisa usiku, ana hesabu ya mwenye gari, mafuta yanapanda, na kila dakika steji ni pesa. Akisema "haraka" si kwa sababu anamchukia mathe. Ila hesabu yake ina shimo: rudi utazame ile vidio. Zile sekunde saba watu wawili wamekwama mlangoni, gari lake limesimama bure. Fujo haiharakishi. Inaonekana tu kama kasi kwa sababu kila mtu anatoka jasho. Mimi nimeshaona jioni moja, mvua kubwa, mzee mmoja mwenye sauti aliwapanga watu laini kwa mzaha tu, "Nyinyi ni wanafunzi wangu leo," na matatu tatu zikajaa na kuondoka kabla hata sijapata chaji ya kurekodi. Nilijuta sana. Ile ndiyo ilikuwa vidio ya kuweka.

Wa tatu atasema, haiwezekani, hii ni Kenya. Huyu nitamuuliza amezaliwa mwaka gani. Kabla ya Februari 2004 Nissan zilikuwa zinabeba watu 18, hakuna mkanda, makanga amening'inia mlangoni kama bendera. Zikaja sheria za Michuki. 18 wakawa 14, mikanda ikaja, vidhibiti mwendo vikaja, makanga wakavaa sare. Mathe anasema wiki ya kwanza watu walitembea kwa miguu kwa hasira, mpaka magari yakatimiza masharti na nchi ikazoea. Ndiyo, najua, siku hizi jioni makanga anakuambia "songa kidogo, hiyo ni ya watu wanne". Lakini hata wewe unajua anakosea, na unajua kwa sababu kuna namba. Mtoto wa darasa la tatu anajua matatu ni 14. Kabla ya hapo hakuna aliyejua.

Na sisi sasa ni jiji. Agosti 15, 2024 Eldoret ilipewa hati, rais akaja, tukacheza, mimi mwenyewe nilirekodi mpaka simu ikazima. Sawa. Mimi sidai meli, hata Sosiani haiwezi kubeba mtumbwi wa maana. Nadai steji ambayo ina mstari chini unaoonyesha wa Langas wanasimama hapa, wa Kapsoya pale, wa Annex kule. Paa kidogo la kuzuia mvua, kwa sababu mvua ndiyo inayogeuza watu wazuri kuwa wachezaji wa raga. Sacco zikubaliane kwamba gari halisongi mtu akiwa ngazini, na mwenye fimbo, mwenye mimba na mwenye mtoto wanapanda kabla laini haijaanza kusonga. Na kubwa kuliko zote, tujue gari linalofuata linakuja lini. Hata bango la mkono tu: baada ya hili kuna jingine. Mtu akijua kuna jingine, kiwiko kinashuka chenyewe.

Upande wetu nao upo. Wewe unayesoma hii ukiwa kwenye laini isiyo laini, ukifika mlangoni rudi hatua moja nyuma uwaache wanaotoka. Hatua moja. Utaona aibu kidogo, watu watakupita wawili au watatu, na pengine utalikosa gari. Mimi nimekosa mara mbili wiki hii, nikafika nyumbani nimelowa, mathe akaniuliza kama nilikuwa naogelea.

Yeye plasta ilitolewa mwezi wa Mei. Mkono umerudi, ila akikunja suruali za jinzi bado anakunja uso. Anapanda matatu kama kawaida, hana njia nyingine. Lakini siku hizi hainuki kitini mpaka gari lisimame kabisa. Makanga anapiga bodi, watu wanafyonza, dereva anamtazama kwa kioo. Yeye amekaa na mfuko wake magotini. "Kijana, simamisha kwanza," anasema, "halafu nitashuka." Juzi tulikuwa naye, na msichana mmoja wa sare ya shule aliyekuwa kiti cha nyuma, wa kama kidato cha pili, naye alikuwa ameshaanza kuinuka. Akamsikia. Akakaa chini tena.